Mbona Rwanda waliweza? Kwanza tuulize walianzia wapi

Hapa Kenya, mazungumzo ya hospitali yakipamba moto, iwe ni kwa matatu, kwa kinyozi ama kwa matanga, lazima mtu mmoja atupe hili swali katikati: "Na mbona Rwanda waliweza?" Baada ya hapo watu wanagawanyika. Kuna wale wa "ni kwa sababu Kagame hachezi na wezi," na kuna wale wa "hizo ni pesa za wafadhili tu, na nchi yenyewe ni ndogo kama kaunti." Mimi nimekuwa kundi la kwanza, nikahamia la pili, halafu miezi michache iliyopita nikaamua kukaa chini nisome hii kitu vizuri. Si daktari. Hata digrii sina, niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi, na nilichogundua ni kwamba makundi yote mawili tunaanza hadithi katikati.

Wacha nianze Mugonero. Ni mahali magharibi mwa Rwanda, karibu na Ziwa Kivu. Kulikuwa na kanisa la Waadventista na hospitali kando yake. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, maelfu ya Watutsi walikimbilia pale, kwa sababu ukiwa unawindwa unaenda mahali pa Mungu ama mahali pa daktari, na pale vyote viwili vilikuwa uwanja mmoja. Tarehe 16 Aprili wauaji walifika. Mmoja wa waliohukumiwa baadaye na ile Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ni Gérard Ntakirutimana. Huyu alikuwa daktari wa hospitali hiyo hiyo. Mwaka 2003 alipewa miaka 25. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alipewa 10.

Na si Mugonero peke yake. Kwa hospitali ya chuo kikuu kule Butare, mwisho wa huo mwezi wa Aprili, wagonjwa na wafanyakazi waliuawa, wengine wakitolewa vitandani, mbele ya madaktari wa MSF waliokuwa wakiwatibu. MSF ikafunga kazi pale ikaondoka. Hata juzijuzi, Desemba 2023, mahakama ya Paris ilimhukumu miaka 24 daktari wa wanawake aliyekuwa akifanya kazi Butare, Sosthène Munyemana.

Nimeanza na hayo makusudi. Tukisema "kujenga upya mfumo wa afya" huwa tunafikiria mabati, vitanda, mashine ya eksirei. Sasa fikiria wewe ni mama, ni Agosti 1994, mtoto anaungua na homa, na hospitali iliyo karibu ndiyo ile dada yako aliuawa ndani yake. Labda aliyekuwa akiishika orodha alikuwa na koti jeupe. Utampeleka mtoto? Watu wanapenda kusema Rwanda ilianza na sifuri. Ingekuwa sifuri ingekuwa rahisi.

Halafu kulikuwa na upungufu wa kawaida, ule wa kuhesabika. Madaktari na wauguzi wengi walikuwa wameuawa ama wamekimbia nchi, na baadhi ya waliokimbia walikuwa wenyewe na damu mikononi. Dawa zimeporwa. Chanjo za watoto zimesimama. Na ng'ambo ya mpaka, Goma, Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wahutu walikuwa wamevuka ndani ya siku chache tu, wakakaa juu ya mawe ya volkano ambapo huwezi hata kuchimba choo. Kipindupindu kikaingia, halafu kuhara damu. Karibu watu 50,000 walikufa kwa mwezi mmoja.

Goma ndiyo dunia iliona kwenye televisheni, na Goma ndiyo ilipata pesa. Hapa ndipo hadithi inaanza kuniumiza kichwa. Mashirika ya misaada yalijaa kule kambini, na kambi zilikuwa mikononi mwa wale wale waliopanga mauaji. Waligawa chakula wao, waliamua nani arudi nyumbani na nani asirudi. MSF ya Ufaransa iliona inalisha jeshi la wauaji, ikajiondoa kambini Novemba 1994. Wengine wakabaki, wakisema mtoto mwenye kuhara hana hatia ya baba yake. Nimejaribu kuchagua nani alikuwa sawa kati ya hawa wawili na sijaweza, na sidhani ni kwa sababu sikumaliza chuo.

Ndani ya Rwanda kwenyewe mashirika yalikuwa mengi pia, kila moja na gari lake, bendera yake, dawa zake na mshahara wake. Ukiwa muuguzi wa serikali unalipwa kidogo ama hulipwi, na jirani yako anayeendesha gari la shirika anakushinda mara kadhaa, utafanya nini? Utaenda kuendesha gari. Desemba 1995 serikali mpya ikafukuza mashirika 38 kwa mpigo mmoja. Sasa, mimi serikali ikifukuza mashirika huwa nashuku kuna kitu inaficha, na hata hii ya Kigali ilikuwa na siasa zake. Lakini kwa upande wa afya kuna tabia ilianzia pale: kama unataka kusaidia, kuna mpango mmoja, wilaya yako ni hii, hesabu utaleta kwetu. Hutaki, uwanja wa ndege unaujua.

Kama unafikiri mpango huo ulikuwa wa kijanja tangu mwanzo, ngoja. Kosa lao la kwanza kubwa tunalijua vizuri sana, kwa sababu wazazi wetu walilionja. Unakumbuka ile habari ya kuchangia gharama hospitalini iliyoletwa Kenya 1989? Kama hukuzaliwa, muulize mamako. Rwanda, baada ya muda wa matibabu ya bure ya dharura, ilirudisha malipo mwaka 1996. Miaka miwili baada ya mauaji ya kimbari, nchi ya wajane na mayatima, unamwambia mtu alipe kwanza ndiyo aonwe. Watu wakaacha kwenda. Kufika 1999, ukigawa ziara zote za kituo cha afya kwa idadi ya watu, ilikuwa robo ya ziara kwa mtu kwa mwaka. Yaani wastani wa Mnyarwanda alikuwa akiona muuguzi mara moja kwa miaka minne.

Ndipo wakajaribu mituweli. Mwaka 1999, katika wilaya tatu tu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia inalipa kama faranga 2,500 kwa mwaka, mnaweka kwa mfuko wa hapo mtaani, mnachagua kamati yenu, na mkienda kituo cha afya mnalipa kidogo sana. Ni chama, kwa ufupi. Kitu ambacho shosho yako anakielewa kuliko waziri. Na kilifanya kazi kwa waliojiunga: walikwenda hospitali mara nyingi zaidi kuliko majirani wasio na kadi. Shida ni kwamba walio maskini kabisa hawakujiunga, kwa sababu faranga 2,500 hawakuwa nazo, na kijiji kizima kikiwa maskini huo mfuko unamwokoa nani?

Kwa hivyo wakaendelea kurekebisha, na hii ndiyo sehemu ambayo watu wa "mbona Rwanda" huwa wanaruka. Ilichukua zaidi ya miaka 10. Ikapanuliwa nchi nzima, ikawekwa faranga 1,000 kwa kila mtu, halafu sheria ya kulazimisha ikapitishwa mwisho wa 2007. Wakaona kiwango kimoja kinamwumiza maskini, mwaka 2011 wakabadilisha tena: 2,000, 3,000 ama 7,000 kulingana na uwezo wa familia, na ya yule wa chini kabisa inalipwa na serikali na wafadhili, akiwemo Mfuko wa Dunia. Uwezo ulipimwa na wanakijiji wenyewe wakikaa mkutano, mpango unaoitwa Ubudehe. Bila shaka watu walilia kwamba wamewekwa kundi lisilo lao. Hata mimi ningelia. Mwaka 2015 usimamizi ukatolewa kwa vijifuko vya mitaani ukapelekwa kwa shirika la hifadhi ya jamii la taifa.

Linganisha na sisi. SHA ilianza kazi Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, hiyo ni rahisi, inakatwa kabla hujaiona. Lakini mama mboga anahesabiwa kiwango kisichopungua 300 kwa mwezi, halafu anaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Mtu anayenunua unga wa kupima! Sisemi hili ili kuwachoma walioandika sheria. Nasema Rwanda nao walikosea jambo lile lile la kumdhania maskini kuwa na pesa ya mkupuo, na walirudi kulirekebisha si mara moja. Swali langu kwa Kenya si kama tumekosea. Ni nani anahesabu wangapi wameacha kwenda hospitali.

Upande wa pili wa sheria ya lazima siwezi kuuficha. Rwanda kuna mikataba inaitwa imihigo, tangu 2006, ambapo meya anasaini mbele ya rais kwamba atafikisha malengo fulani, na asilimia ya watu wenye mituweli ni mojawapo. Meya akiwa na presha, chifu anakuwa na presha, na mwisho wa presha ni mlango wa mtu maskini. Kuna taarifa za watu kubanwa na viongozi wa mitaa mpaka walipe. Asilimia inapanda, ndiyo. Ukiisoma kwenye ripoti inapendeza. Wewe uliyebanwa ndiye unajua ilipandaje.

Ile imani iliyovunjika ilirudi vipi basi? Nikisoma, naona haikurudi kupitia hospitali. Ilirudi kupitia jirani. Mwaka 1995 serikali ilianza na wahudumu wa afya wa kijiji kama 12,000. Kufika 2005 walikuwa wamefika 45,000. Kila kijiji watatu: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kutibu watoto malaria, kuhara na nimonia, na mwanamke mwingine wa kufuata wajawazito mpaka wajifungue. Wanaitwa abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya. Na jambo kubwa ni kwamba hawakuteuliwa na wizara. Kijiji kiliwachagua wenyewe. Katika nchi ambayo jirani alimuua jirani, kijiji kinasimama na kusema, huyu tunamwamini aingie nyumbani kwangu usiku amshike mtoto wangu. Mimi hapo nilisimamisha kusoma, nikaenda kutembea kidogo.

Hawana mshahara. Wako kwenye vyama vya ushirika, na ushirika unalipwa kulingana na kazi iliyofanyika. Mpango huo wa kulipa kwa kazi ulijaribiwa kwanza Cyangugu na Butare miaka ya mwanzo ya 2000, halafu ukaenda nchi nzima. Hata vituo vya afya vilipata nyongeza kwa kila mama aliyejifungulia pale na kila mtoto aliyechanjwa. Utafiti uliochapishwa kwenye Lancet 2011 ulikuta kwamba vituo vilivyolipwa hivyo vilipandisha akina mama wanaojifungulia kituoni kwa asilimia 23.

Nina shangazi yangu ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii huku nyumbani, mmoja wa wale kama 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao ya mgongoni. Kwa makubaliano anafaa kupata 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Nusu moja huja ikichelewa, nusu ya pili huja ikikumbuka. Nilipomweleza kuhusu ushirika wa Rwanda hakuniuliza kuhusu Kagame wala wafadhili. Aliniuliza: "Na wao wakiishiwa na dawa ya malaria, wanapigia nani?"

Kuna jambo moja kuhusu haki ambalo halikai vizuri tumboni, na lazima liingie hapa. Wanawake wengi sana walibakwa 1994, na wengi waliachwa na virusi. Miaka ya mwanzo ya 2000, dawa za ARV zilikuwa ghali, hazipatikani kwa mwananchi wa kawaida. Lakini kule Arusha, washtakiwa wa mauaji ya kimbari waliokuwa na virusi walipewa dawa, kwa sababu walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Shahidi aliyetoka Rwanda kueleza alichofanyiwa alirudi nyumbani kwenda kufa, na aliyeshtakiwa akabaki anameza tembe zake. Waathiriwa walipiga kelele sana kuhusu hili. Baadaye pesa za Mfuko wa Dunia na za Marekani zilikuja, na Rwanda ikafanya kitu cha akili: haikujenga kliniki za ukimwi peke yake pembeni zikiwa na rangi mpya huku kituo cha kawaida kinavuja. Pesa ya ukimwi ilitumika pia kwa maabara, wauguzi na vyumba vya uzazi ambavyo kila mtu angetumia. Daktari wa watoto, Agnes Binagwaho, aliyerudi nchini 1996 akaja kuwa waziri wa afya kuanzia 2011 hadi 2016, alikuwa mmoja wa waliosimamia hilo bila kucheka na wafadhili.

Majengo nayo yalikuja, lakini angalia yalikuja lini. Burera, kaskazini, wilaya ya watu zaidi ya 300,000, ilikuwa haina hospitali ya wilaya. Hospitali ya Butaro ilifunguliwa Januari 2011, vitanda 150, kuta za mawe ya volkano yaliyochongwa na watu wa pale pale. Hiyo ni miaka 17 baada ya 1994. Mwaka uliofuata ikaanza kutibu saratani. Sisi huanza na utepe wa kukata.

Sasa namba, kwa wale wanaopenda namba. Mwaka 2000, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Rwanda, 196 hawakufika miaka mitano. Mwaka 2010 wakawa 76. Utafiti wa 2019-20 ulikuta 45. Akina mama waliokufa kwa uzazi, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa, walikuwa 1,071 mwaka 2000, na 203 mwaka 2019-20. Hata ukiichukia serikali ya Kigali mpaka basi, hao watoto wako hai, wengine ni rika langu.

Ukitaka kuona tofauti, angalia Liberia. Vita viliisha 2003 baada ya miaka 14 ya kuanza na kusimama, na sehemu kubwa ya vituo vya afya ilikuwa inaendeshwa na mashirika ya nje. Liberia haikulala: mwaka 2007 walitoa mpango wa huduma za msingi bila malipo, na vituo vingi vilifunguliwa tena. Lakini Ebola ilipofika 2014 nchi ilikuwa na madaktari kama 50 kwa watu zaidi ya milioni 4. Na imani haikuwepo. Agosti mwaka huo, mtaa wa West Point, Monrovia, vijana walivamia kituo cha kutenga wagonjwa wakabeba mpaka magodoro. Zaidi ya watu 4,800 walikufa Liberia, na wauguzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Programu yao ya taifa ya wahudumu wa vijijini wenye malipo ilikuja 2016, Ebola ikiwa imeshapita.

Rwanda ilipimwa vilevile. Septemba 2024 virusi vya Marburg vilitangazwa Kigali, na wengi walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa hospitali. Walipata wagonjwa 66, wakafa 15. Kwa ugonjwa ambao umewahi kuua zaidi ya nusu ya wanaoupata, hiyo ni kazi. Desemba wakatangaza umeisha.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2025, M23 waliingia Goma. Goma ile ile ya mawe ya volkano na kipindupindu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23, Kigali inakana. Hospitali za Goma zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu mpaka sakafuni, na watu kutoka huko wanaoeleza kwa Kiswahili unawaelewa kila neno bila mkalimani. Kwa hivyo nikisikia "mbona Rwanda waliweza" siku hizi siwezi kushangilia moja kwa moja. Serikali iliyojua kuliko zote hospitali ikiuawa inakuwaje inatajwa kwa hospitali za jirani kujaa hivyo. Na siwezi pia kusema ni pesa za wafadhili tu, kwa sababu pesa za wafadhili zimepita hapa kwetu pia, na Liberia, na Goma.

Hizo pesa zenyewe zimeanza kukauka. Marekani ilipovunja USAID mwaka 2025, kliniki za huku kwetu zilitikisika wiki hiyo hiyo, na Rwanda pia wanahesabu upya, kwa sababu mituweli ya yule wa chini kabisa haikuwa ikilipwa na mituweli.

Jana jioni nikiwa namalizia kuandika hii, shangazi alipiga simu. Vipimo vya malaria vimemwishia, ana nyumba mia na kitu za kupitia, na ripoti ya mwezi inatakiwa kwa simu. Hakutaka ushauri wowote. Alitaka nimtumie bando ya mia moja.